Baiskeli ya Kuchaji Betri: Funga Mota, Piga Pedali

Haya, karibuni. Baiskeli hii leo haiendi popote, inachaji betri. Stendi ipo tayari: vyuma viwili vinashika ekseli ya nyuma, gurudumu linaning'inia. Hata ya mbao inafaa, mradi isiyumbe ukishapanda.

Toa gurudumu, vua tairi na tyubu. Kabla hujalirudisha, vika mkanda kwenye ringi, palepale tairi lilipokuwa. Ukisahau, utafungua ekseli upya. Rudisha, kaza nati, twende.

Mota, ambayo ukiizungusha inatoa umeme, ni ya sumaku za kudumu, zile za skuta za umeme: volti 24, wati 250, mizunguko 2,750 kwa dakika. Altaneta ya gari siipendi kwa kazi hii. Inakula umeme wa betri ili kutengeneza sumaku yake, tena inataka mwendo mkali ambao miguu inaufikia kwa tabu.

Puli, kile kigurudumu cha mota kinachozungushwa na mkanda, ndiyo siri yenyewe. Ringi ina kipenyo cha karibu sentimita 60, puli ya mota sentimita 5, kwa hiyo gurudumu likizunguka mara moja, mota inazunguka mara 12. Kwa meno 44 mbele na 18 nyuma, ukipiga pedali mara 60 kwa dakika mota inafika kama 1,760. Hapo unapata volti 15 na ushee. Ukifunga puli ya sentimita 10 utatoka jasho bure, mita ya volti itasoma 7 na betri haitapokea kitu.

Mota ikae nyuma ya gurudumu, sentimita 50 kutoka ekseli hadi ekseli. Ukiisogeza karibu mno, mkanda unashika sehemu ndogo tu ya puli, unateleza. Piga pedali polepole... Ngoja, simama. Leta kamera huku. Mnaona mkanda unavyopanda ukingo wa kushoto? Mota imekaa mshazari. Legeza bolti hii ya nyuma, igonge kidogo, kaza. Tena. Naam, umetulia katikati.

Sasa daiodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na hapa naomba utulivu. Tumia ya aina ya Schottky, ya ampea 15. Mstari mweupe uelekee betri. Kwanza piga pedali ukiwa na mita ujue waya upi wa mota ni chanya. Usiamini rangi, maana mota ikizungukia upande mwingine chanya inakuwa hasi. Chanya ya mota inaingia kwenye daiodi, halafu fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu kabisa na betri, halafu chanya ya betri. Hasi kwa hasi.

Narudia: mstari kwa betri. Ukiigeuza, ukigusisha tu waya wa mwisho betri inaendesha mota. Pedali zimetulia, friwili inalia, gurudumu linakimbia lenyewe huku vidole vyako viko kwenye mkanda. Kwa hiyo unapounganisha mara ya kwanza, mikono mbali na spoku. Angalia tena mstari. Haya, unganisha. Gurudumu limetulia? Vizuri.

Daiodi itapata moto, iache hewani, isiguse plastiki. Betri yetu ni ya asidi, volti 12, ampea-saa 40. Ile ndogo ya 7 usiichaji hivi, ampea 5 ni nyingi mno kwake. Na usiunganishe simu au inveta moja kwa moja kwenye mota: bila betri ya kuituliza, volti zinapanda kila ukiongeza kasi, na kifaa kinaungua.

Mtu wa kawaida anaweza kushikilia wati 50 hadi 75. Saa moja ya wati 60, ukitoa kinachopotea njiani, inawasha taa ya LED ya wati 5 kwa saa 8 au 9 hivi. Pasi ya umeme sahau.

Fungua madirisha, betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi inayowaka. Piga pedali, jicho kwenye mita. 13.2... 13.6... Ikigusa 14.4, shuka.