Vitabu vya Kiswahili vilivyopotea ndani ya maktaba

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo mambo vipi. Ndiyo nimeingia kutoka zamu ya jioni, nje theluji imejaa, kwa hiyo sauti ikiwa chini mnivumilie. Hili siwezi kulilaza hadi kesho.

Nyumbani Morogoro wanajua tu kwamba niko maktaba Kanada, na wengi wanadhani nakaa mezani nagonga mihuri. Mimi ni fundi sanifu wa maktaba. Huku mkutubi kamili anatakiwa awe na shahada ya uzamili. Sisi tunasoma stashahada, miaka miwili chuoni. Kitabu kipya kikifika, nakivalisha plastiki, nakibandika namba mgongoni, halafu nakiandikia taarifa zake kwenye katalogi ya kompyuta: mtunzi, jina la kitabu, mada, lugha. Hapo kwenye katalogi ndipo penye kazi yenyewe.

Lugha inaandikwa kwa herufi tatu tu. Kiswahili ni swa. Sasa sikilizeni.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Bukavu na mtoto wake wa miaka kama sita. Akanisikia nikiongea na simu, akasogea: "Dada, muko na bitabu bya Kiswahili?" Mtoto ameanza shule, Kiswahili kinamtoka, bibi yake akipiga simu hawaelewani. Nikatafuta kwenye kompyuta. Hakuna hata kimoja. Lakini mimi vitabu hivyo nilishaviona kwa macho yangu! Nikashuka stoo, nikavikuta kwenye boksi, vitabu vya watoto, vizima, picha zinang'aa. Kufungua taarifa zake, aliyeviingiza zamani ameandika afr. Nadhani aliwaza Afrika. Wapendwa, afr ni Kiafrikaans, lugha ya Makaburu kule Afrika Kusini! Vitabu vilinunuliwa, vikapewa namba, vikawekwa, na mzazi yeyote aliyeuliza Kiswahili alijibiwa havipo.

Niliumia sana. Yule mama angeondoka akiamini nchi hii haina kitabu cha lugha yake.

Nikavirekebisha kimoja kimoja. Huu mfumo wa Dewey tunaotumia, wa kuvipa vitabu namba kufuatana na mada, ni wa tangu 1876, na Kiswahili kina nafasi yake humo: lugha yenyewe 496.392, fasihi yake 896.392. Shida ikawa majina ya watunzi. Mtu wetu anaitwa jina lake na la baba yake, basi kitabu kimoja kimeingizwa kwa jina la kwanza, kingine kwa la pili, kompyuta inaona watu wawili. Muyaka bin Haji, yule mshairi wa Mombasa, ukimpanga kwenye B kwa sababu ya "bin", nani atampata? Inabidi uchague jina moja, halafu uunganishe na mengine, ili msomaji akitafuta kwa lolote afike.

Ninyi mnaosoma ukutubi pale Bagamoyo, somo la kuorodhesha na kuainisha mnaliona kavu, najua. Lishikeni. Mtu asiyejua Kiswahili hawezi kugundua kosa kama hili, hata awe hodari vipi kwenye kompyuta.

Yule mama nilimpigia, akaja Jumamosi, akaondoka na vitabu vinne. Mtoto alikuwa anasoma kwa sauti mlangoni, "si-mba, si-mba", mama anamrekebisha.

Sasa kuna boksi la pili. Lote limeandikwa swa, lakini nimefunua kurasa na si Kiswahili. Kuna Kilingala, hicho nakitambua, kitaenda lin. Vilivyobaki ni Kirundi au Kinyarwanda, run au kin, na mimi siwezi kuvitofautisha. Ndugu zangu wa Bujumbura na Kigali, nitawawekea hapa picha za kurasa za mwanzo, majina na aya mbili tatu. Niambieni kipi ni cha nani, Jumatatu niviingize.