Ukishashusha giaboksi, maliza kazi yote

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi? Nimeombwa nizungumzie kubadilisha klachi nyumbani kwenye pikapu za zamani. Nitasemea hasa Hilux za dizeli, zile za injini ya 2L na 3L, maana ndizo mpaka leo zinashusha viazi kutoka Isyonje na ndizi kutoka Tukuyu.

Presha pleti ya gari hizi, yaani sahani inayoibana pleti ya klachi kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), imeshikwa na bolti sita, spana namba 12. Ukizifikia, unazifungua kabla chai haijapoa. Kinachokula siku nzima ni kushusha giaboksi na kuirudisha. Kwa hiyo usiishushe bila sababu, na ukishaishusha usiirudishe mpaka kila kilichoko nyuma yake kimekaguliwa.

Tuanze na sababu. Klachi ina magonjwa mawili, na watu wengi wanayachanganya. Kuna kushindwa kushika: unapanda Mlima Nyoka na mzigo, unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, spidi haipandi, halafu harufu ya kuungua inaingia ndani. Na kuna kushindwa kuachia: pedeli umeikanyaga mpaka chini lakini gia ya kwanza inakataa, rivasi inakwaruza. Huu wa pili mara nyingi pleti haina kosa. Angalia kikopo cha mafuta ya klachi pale kwenye klachi masta, ile pampu inayosukumwa na pedeli. Kikiwa kimepungua, fuata bomba mpaka klachi slevu, silinda ndogo inayosukuma klachi iachie, chini ubavuni mwa giaboksi, ufunue ile raba ya vumbi. Ukikuta majimaji, tatizo lako ni hapo. Tengeneza slevu, toa upepo, nenda zako shambani.

Kama una shaka kuhusu kushika, jaribu hivi. Gari iwe mahali tambarare, vuta handbreki, weka gia ya nne, achia pedeli taratibu. Klachi nzima inazima injini papo hapo. Iliyokwisha inaiacha iendelee kunguruma. Mara moja inatosha. Ukirudiarudia unaiunguza zaidi.

Mtaniuliza kwa nini klachi zetu haziishi miaka kama za wenzetu wa pwani. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Kitulo ni kama mita 2,600. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ongeza viroba vya lumbesa. Dereva anaona gari haitoki, anapandisha resi na kushikilia klachi nusu. Wengine hata foleni ya Mwanjelwa wanaisimamia kwa klachi badala ya breki. Hapo pleti inasagwa kati ya flaiwili na presha, na hakuna spea orijino inayovumilia hilo.

Sasa kazi. Toa waya wa hasi kwenye betri. Pandisha gari kwa jeki, kisha iketi kwenye stendi za chuma, magurudumu yaliyobaki ardhini yakingwe yasiviringike. Tofali linapasuka bila kukuaga, na jeki peke yake si ya mtu kulala chini yake. Kwa hili sina mjadala.

Tia alama ya rangi kwenye flanji (viungio) za propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, kabla ya kufungua, zirudi zilivyokuwa. Toa mkono wa gia kwa ndani, toa stata, fungua slevu uifunge pembeni kwa waya bila kutoa bomba lake. Waambie watoto wasiguse pedeli, maana pistoni ya slevu itaruka nje. Kinga injini kwa jeki na kipande cha ubao chini ya sampu, lile bakuli la oili. Giaboksi ya foo-wili ina transfa kesi nyuma yake, sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma, kwa hiyo ni nzito zaidi. Tafuta watu wawili watatu na jeki ya pili. Wakati wa kuitoa na kuirudisha, isining'inie kwa shafti yake ikiwa ndani ya pleti. Inapinda kitovu cha pleti, na klachi mpya itatetemeka siku ya kwanza.

Vumbi utakalolikuta usilipulize kwa mdomo wala kompresa. Pleti za zamani huenda zina asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Futa kwa kitambaa kibichi.

Hapa ndipo watu wanapobana pesa wakaumia. Wananunua pleti peke yake. Nunua pleti, presha, rilizi beringi (inayosukuma presha ukikanyaga pedeli) na pailoti beringi (inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi nyuma ya injini) kwa pamoja, ukienda dukani na pleti ya zamani mkononi ili ulinganishe upana na meno ya katikati. Tazama sili ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, na ile ya mbele ya giaboksi. Ikivuja mojawapo, badilisha sasa, la sivyo oili itailowesha pleti mpya na utarudi chini ya gari. Flaiwili yenye nyufa au madoa ya bluu ipelekwe kwa fundi wa leithi.

Pailoti beringi ina namna yake ya kutoka. Jaza grisi kwenye tundu lake mpaka pafurike, chukua chuma kinachoingia humo kikiwa kimebana, kigonge kwa nyundo. Grisi haina pa kwenda, inaisukuma beringi kutoka nyuma. Ongeza grisi, gonga tena, mpaka itoke. Grisi ikiadimika, mkate uliolowa hufanya kazi ileile. Msicheke, jaribuni.

Kufunga: upande wa pleti wenye kitovu kilichotokeza uelekee giaboksi. Isimamishe katikati kwa shafti kuukuu ya giaboksi nyingine, kisha kaza bolti kwa kupishanisha, kidogo kidogo. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka tu, na mikono ya mafuta isiguse uso wa pleti. Kilomita 500 za kwanza usibebe lumbesa.

Lile swali la asubuhi, la pikapu inayolia ukikanyaga klachi na kunyamaza ukiachia: hiyo ni rilizi beringi, giaboksi lazima ishuke. Ikilia ukiachia na kunyamaza ukikanyaga, tafuta beringi ya shafti ya mbele, ndani ya giaboksi yenyewe.