Usiishie kwenye mimba: mazungumzo na vijana wa ultrasaundi, Kigoma

Haya jamani, wale wa nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele, mi siwezi kupiga kelele umri umeenda. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu poleni na joto.

Nianze na meli maana tuko Kigoma. Vyuma vya meli kama Liemba yetu vinapata nyufa kwa ndani, jicho halioni, ndo mafundi wakawa wanarusha mawimbi ya sauti kuzitafuta. Sasa kule Uswidi daktari mmoja Inge Edler na mwenzie wa fizikia Hellmuth Hertz wakaenda kuazima kifaa cha hivyo kwenye karakana ya meli Malmö, wakakielekeza kifuani kwa mtu, na mwaka huohuo, 1953, wakaurekodi moyo unavyocheza. Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, imetokea bandarini jamani! Kwa hiyo mtu akikwambia kazi yako ni kuangalia kama mtoto wa kike au wa kiume, we mcheke tu.

Shida ni kwamba na sisi wenyewe tumeishia hapohapo. Mimba, tumbo, mimba, tumbo, mpaka mtu anastaafu.

Mi nilikuwa hivyo. Hospitali moja, siitaji, foleni mpaka nje, akaja mama kaandikiwa tumbo, nikapiga picha ya tumbo, nikaandika kawaida, na mguu wake mmoja umevimba nauona kabisa lakini karatasi haijasema mguu. Baada ya siku kadhaa naambiwa damu iliganda mguuni ikapanda mapafuni, hakupona. Na probu ya mishipa, kile kichwa cha mashine unachopitisha mwilini, ilikuwepo, iko kabatini na nailoni yake, hakuna anayejua kuitumia. Kipimo chenyewe sasa, mtanicheka: unabonyeza vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, kwa probu, ikiwa nzima inafumba yote, ikiwa na donge haifumbi. Basi. Nililala vibaya miezi.

Ndo nikaingia mishipa. Huko kuna doppla za shingo, ultrasaundi ya kuona damu inavyotembea, kwa waliopata kiharusi, kuna kupima mishipa ya mkono kabla mgonjwa wa figo hajatengenezewa njia ya kusafishia damu, kazi ambayo daktari wa upasuaji anakupigia simu mwenyewe kukuuliza umeona nini. Wengine nendeni kwenye moyo, pale Taasisi ya Jakaya Kikwete Dar mtaona eko inavyofanyika kweli kweli. Anayependa mimba abaki nayo ila azame, ajue kumkagua mtoto kiungo kwa kiungo wiki ya 18 mpaka 22, sio kuhesabu wiki na kusema "anacheza vizuri mama". Misuli na maungio nayo ipo, wachezaji hawaishi kuumia.

Shule? Kampala pale Mengo kuna chuo cha Ernest Cook, ultrasaundi ndo kazi yao. Wenye ndoto za Marekani, kuna mitihani ya ARDMS, chombo cha kule kinachothibitisha masonografa, yaani wapiga ultrasaundi; wa fizikia upo peke yake halafu unafanya na wa fani yako, na hiyo fizikia ndo inaangusha watu kwa sababu tunaikariri. Mjue pia kule Marekani we unapiga picha, daktari ndo anasoma na kusaini, ila Uingereza masonografa wengi wanaandika ripoti wenyewe. Usije ukaenda ukashangaa.

Halafu kuna njia hatuizungumzii, kampuni za mashine. Wanahitaji mtu anayezunguka kufundisha watumiaji wakishauza, na huyo mara nyingi ni sonografa, sio fundi umeme. Unasafiri mpaka unachoka.

Bega sasa. Dada wa kitenge cha bluu umenigusia mlangoni. Ni kweli, kazi hii inaua bega, mi la kulia halinyanyuki vizuri. Kitanda kipandishe, mgonjwa msogeze karibu yako, usimfuate wewe umejinyoosha kama unavua migebuka. Kabla hujasoma masta yoyote anza na hilo.

Na muwe na daftari. Kila kesi ya ajabu andika ulichoona, halafu fuatilia wodini walikuta nini walipofungua. Jina la mgonjwa usiandike. Langu limejaa niliyokosea, na nikitaka kumpima kijana anayeomba kazi huwa namuomba lake kabla ya cheti.

Haya maneno yatosha, mashine iko hapo, jeli ipo? Nani anajitolea mguu?