Mwandishi Asiyetuficha Giza Lake

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, makatekista, mama zangu wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, vijana, ndugu zangu wote, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Mimi ni mlei. Teolojia sikuisomea popote, ila kusoma nakupenda, nami nimeombwa niseme machache kuhusu vitabu vya imani vinavyopendwa hapa kwetu Mtwara.

Kwanza tusijidharau, tunasoma. Fedha za korosho zikishaingia, meza ya vitabu nje ya kanisa huisha haraka: novena, yaani sala za siku tisa, maisha ya watakatifu, maono, sala za kila shida. Na sisi wa Kusini tuna urithi mkubwa. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misheni za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa. Mwaka uliofuata watawa Wabenediktini wakaanza upya pale Ndanda, na baadaye Ndanda ikawa na mitambo yake ya uchapaji. Vitabu vingi vya Kikatoliki vya Kiswahili, ukitazama ukurasa wa mwanzo, utakuta Ndanda au Peramiho. Vitabu basi tunavyo. Ninachouliza ni tumwamini mwandishi yupi, na jibu langu nalitoa mapema: yule asiyetuficha giza lake.

Kuna mama mmoja, jina lake nalihifadhi, aliyeuguza mtoto. Alipewa kijitabu cha novena kilichoahidi kwamba ukisali siku tisa bila kukosa, unachoomba utakipata. Alinionyesha ukurasa wenyewe. Pembeni kwa penseli alikuwa ameweka alama za vema, moja chini ya nyingine, zote tisa. Mtoto alifariki. Mama yule hakuniuliza kama Mungu yupo. Aliniuliza ni siku gani kati ya zile tisa alikosea kusali.

Ndugu zangu, novena ni sala njema, na mimi mwenyewe ninasali. Lakini kitabu kinachomwacha mama aliyefiwa akitafuta kosa lake kwenye alama za penseli kimemdhulumu. Aliyekiandika hakuwaza kabisa habari ya mtu atakayeomba asipate.

Sasa mtazameni Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Sanamu yake tunaijua, na mawaridi yake. Alikuwa mtawa Mkarmeli kule Lisieux, Ufaransa, akafariki kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, na umri wake miaka 24 tu. Mwaka mmoja baadaye maandiko yake yakatolewa kitabu, nakala 2,000, na kikaenea dunia nzima. Wengi tunamsoma kama binti mpole aliyepita maishani akitabasamu. Lakini kuanzia Pasaka ya mwaka 1896 mpaka kufa kwake, Teresa aliishi gizani. Anaandika kwamba mbingu, iliyokuwa furaha yake tangu utoto, ilimfungikia. Alihisi giza linamcheka na kumwambia kwamba kifo hakitampa anachokitumaini, kitampa usiku mzito zaidi. Mashairi ya furaha ya mbinguni aliendelea kuyatunga, na anakiri wazi kwamba anaimba kile anachotaka kukiamini. Akaandika Nasadiki, sala ya kukiri imani, kwa damu yake mwenyewe, akawa anatembea nayo kifuani.

Huyo ndiye mtakatifu wa kumpelekea mama yule! Hakupona. Hakupewa ishara. Aliendelea kumpenda Mungu asiyemhisi, na kuwahudumia masista waliomchosha, hata yule aliyekuwa akimrushia maji machafu usoni wakifua nguo.

Inafaa mjue pia kwamba dada yake, Mama Agnes, alirekebisha mengi kabla ya kitabu kutoka, na maandishi yenyewe kama Teresa alivyoyaacha hayakutolewa hadi mwaka 1956. Hata watu wanaotupenda wana tabia ya kutusafishia watakatifu.

Augustino naye ni hivyo hivyo. Huyu ni Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Tunapenda kuhadithia machozi ya mama yake Monika na uongofu wake, tukaishia hapo. Lakini katika kitabu cha kumi cha Maungamo, maandishi anamosimulia maisha yake, akiwa tayari ni askofu, anaeleza vishawishi vinavyomsumbua bado. Askofu anayewaambia waamini wake kwamba hajamaliza safari! Mimi huyo namwamini.

Kuhusu vitabu vya maono sitakaa sana. Katekisimu, namba 67, inasema wazi kwamba ufunuo wa binafsi, yaani maono kama hayo, hata ule uliotambuliwa na Kanisa, si sehemu ya hazina ya imani. Asiyeusoma hajapungukiwa na kitu.

Najua wako watakaosema: watu wetu wana imani changa, ukiwasomea habari za giza utawayumbisha. Nawaheshimu wanaosema hivyo, maana wanasema kwa upendo. Ila giza watu wetu wanalo tayari. Wanalo wodini, wanalo kwenye matanga, wanalo pale bei ya korosho inaposhuka na ada ya shule inadaiwa. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba mtakatifu naye alipita humo, na hakuacha kusali.

Kwa hiyo nina ombi kwa viongozi wa jumuiya. Jumamosi, baada ya Injili na kabla ya michango, tupeni dakika kumi. Tusome kipande kimoja tu, kwa sauti, taratibu, halafu mwenye neno aseme. Wiki hii napendekeza Augustino, kitabu cha nne cha Maungamo, anapofiwa na rafiki yake wa ujana na mji mzima wa kwao unamchukiza kwa sababu kila mahali rafiki hayupo. Jumuiya isiyo na nakala iniite, nitakuja kuwasomea.

Baba Paroko, nimemaliza. Naona mama pale nyuma ameshanyoosha mkono.