Ziwa lisilo na bamvua: kuvua besi Erie mwishoni mwa Agosti

Assalamu alaykum, watu wangu wa Amu (Lamu), Shela, Matondoni, na ndugu zetu wa Kizingitini na Faza mnaonifuata tangu video ya kwanza. Hapa Cleveland, Marekani, kando ya Ziwa Erie, ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, kiza bado. Huko kwenu ni saa sita na nusu mchana, najua wengine mko barazani na simu, mnangoja kupanda msikitini.

Ami yangu wa Matondoni alinitumia sauti wiki iliyopita. Akaniuliza: "Hilo ziwa lenu, maji yakijaa na kupwa saa ngapi?" Ami, swali lako ndilo lililonifanya niamke saa hizi nishike kamera. Ziwa hili halijai wala halipwi. Hakuna bamvua ya maji kujaa sana, hakuna maji mafu ya kujaa kidogo. Mimi niliyefunzwa na wewe kutazama mwezi kwanza ndipo nifunge ndoana, nilifika hapa nikawa kama kipofu. Mwaka wangu wa kwanza, Agosti nzima, sikupata samaki wa maana hata mmoja.

Acha niwaonyeshe maji kwanza. Hiyo nyeusi yote mbele yangu ni Erie. Urefu wake ni kilomita zipatazo 388, yaani ni zaidi ya kutoka Amu mpaka Mombasa. Ukisimama hapa huoni ng'ambo, na ng'ambo ni Kanada. Lakini kina chake ni kidogo kuliko maziwa makubwa yote matano ya huku. Pale penye kina kirefu kabisa ni mita 64, na upande huu wa kati hapafiki hata nusu ya hizo.

Samaki ninayemfuata anaitwa besi. Wako wa aina mbili. Mdomo mkubwa anapenda majani na maji yaliyotulia. Huyo hata Kenya yupo, aliletwa Ziwa Naivasha enzi za ukoloni. Mdomo mdogo ni wa mawe na maji safi, rangi yake ya shaba iliyokolea, na jicho jekundu. Ukitaka kuwatofautisha, tazama taya: la mdomo mkubwa linapita nyuma ya jicho, la mdogo halilipiti. Leo nataka mdomo mdogo. Kwa ukubwa si nguru wala songoro, lakini akishika ndoana anaruka juu ya maji mara tatu, mara nne, na mkono wako unatetemeka.

Twendeni.

Haya, sasa ni saa kumi na mbili na nusu, nipo kwenye mawe ya ukuta wa bandari. Saa hii ya mapambazuko samaki wako juu. Usiku maji ya kando yamepoa kidogo, vidagaa vimesogea kwenye mawe, na besi wamevifuata. Kwa hiyo natupa chambo cha mti kinachoelea, nakivuta kidogo, nakiacha. Navuta, naacha. Mkisikia "pwaa" hiyo ni yeye. Ila hali hii haidumu. Jua likipanda kimo cha mnazi, basi, wanashuka. Mwishoni mwa kiangazi cha huku mgeni anarudi nyumbani saa tatu akisema samaki wameisha. Hawajaisha. Wamehama ghorofa.

Hapa ndipo nilipokosea mwaka ule. Ami alinifunza kuvua tewa: teremsha mshipi, teremsha, mpaka chubwi, ile risasi ya kuzamisha, igote mwamba. Basi nami nilitafuta kina kirefu kuliko vyote, mita 20 na zaidi, nikakaa pale siku nzima. Nikiona juu joto, nilijiambia samaki wako chini kwenye baridi. Kumbe chini kule hakuna pumzi.

Sikilizeni vizuri. Jua la Juni, Julai na Agosti linapasha maji ya juu, na maji ya moto ni mepesi, yanakaa juu ya yale ya baridi kama samli juu ya mchuzi. Hayachanganyiki. Katikati pana ukanda mwembamba ambapo joto linashuka ghafla. Leo, sasa nimeshatoka nje kwa mashua, nimefunga kipimajoto kwenye mshipi nikakishusha: juu nyuzi 24, karibu sawa na bahari yetu wakati wa kusi. Mita 10, bado 23. Mita 18, nyuzi 12! Ndani ya mita chache tu umevuka kutoka Amu mpaka mlima Kenya. Sasa, yale maji ya chini yamefungiwa tangu mwanzo wa kiangazi, hayaguswi na upepo. Mbolea inayotoka mashambani inaotesha ukijani mwingi ziwani, yaani mwani mdogo mdogo. Ukijani ukifa unazama, ukioza unamaliza oksijeni yote iliyoko chini. Ukijani huo si jambo dogo. Mwaka 2014, mwezi wa Agosti, watu wa mji wa Toledo, magharibi ya hapa, walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa sababu ya sumu yake.

Kwa hivyo samaki anabanwa. Juu pana joto na mwanga mkali, chini hapana hewa. Anakaa katikati, juu kidogo ya ule ukanda, pale ambapo mwamba wa chini unainuka kumfikia. Mwamba wenye kilele mita 7 na miguu mita 11, hapo ndipo kwake. Ukiwa na mashine ya kupima kina, ukanda ule unaonekana kama mstari wa ukungu kwenye kioo. Huna mashine, tumia kipimajoto na uzi kama mimi. Chini ya mstari ule usipoteze chambo chako.

Subirini… subirini kidogo. Hapana, ni jiwe.

Nataka mtazame mshipi huu, watu wa Kizingitini hasa. Wazungu wa hapa wanauuza dukani kama uvumbuzi. Chubwi iko mwisho kabisa wa uzi, na ndoana iko juu yake, shibiri mbili hivi. Chubwi inalala kwenye mwamba, chambo kinaelea juu yake, nami natingisha ncha ya fimbo kidogo bila kuiinua chubwi. Nilipouona mara ya kwanza moyo wangu ulifurahi sana, kwa maana ni ule ule wa kwetu wa kuvulia changu! Tofauti ni uzi: huu ni mwembamba mno, na hauonekani majini, kwa sababu maji yenyewe ni maangavu.

Na uangavu huo una kisa. Kuna kome wadogo wenye milia, walifika na maji ya matumbo ya meli kutoka Ulaya, wakaonekana mara ya kwanza huku mwaka 1988. Kome hao wanachuja maji mchana na usiku. Miaka miwili baadaye akaonekana kisamaki kinachoitwa gobi, naye alikuja na meli vilevile. Kinatambaa juu ya mawe na kinakula kome. Na besi anakula gobi. Ndiyo maana chambo changu cha pili ni cha mpira, rangi ya tope, chenye mikia mingi kama pweza mdogo. Hiki hukitingishi. Unakiburuta chini polepole, kinagonga mawe, kinasimama.

Na upepo, ami. Upepo ndio bamvua ya hapa. Ukivuma kwa nguvu kutoka kusini-magharibi unayasukuma maji yote kuelekea Buffalo, mji wa mwisho wa mashariki ya ziwa, mpaka tofauti ya huko na Toledo inaweza kuzidi mita 2. Ukitulia, maji yanarudi yakiyumba kama ya besheni kichwani. Hapo unapatikana mkondo. Siku ya shwari tupu besi wanalala. Upepo ukivuma siku mbili, nenda upande wa mwamba unaopigwa na mawimbi, maana vidagaa vimesukumwa huko na mwanga umevunjika. Lakini tahadhari: ziwa hili kwa uchache wa kina chake linatoa mawimbi mafupi, yamesimama, yamefuatana, kama pale nje ya Shela kusi linapokuwa kali. Mimi mita moja tu ya wimbi, natoka.

Huyu! Huyu sasa! Tazama… karuka! Alhamdulillahi. Mita 9, juu ya mwamba, kwenye uzi wa chubwi.

Najua mtasikitika, lakini namrudisha. Kuna ushauri wa afya wa kupunguza kula samaki wa ziwa hili, kwa zebaki na sumu za viwanda vya zamani, na mimi nina watoto wadogo nyumbani. Tena maji ya joto hayana pumzi nyingi, na aliyevutwa kutoka kina hiki tumbo linafura hewa. Kwa hiyo mkono uloe kwanza, picha moja, na majini. Kenda.

Upepo umeanza kugeuka kaskazini, na kule mbali naona weupe juu ya mawimbi. Nafunga fimbo narudi bandarini. Ami, nitumie sauti uniambie: huko Matondoni kusi limelegea, au madau bado yamefungwa kwenye mikoko?