Tusome Dodoso Kabla ya Asilimia

Mwenyekiti, walimu na wanafunzi, asanteni kwa kunikaribisha.

Mtu akiniletea asilimia ya vijana wanaovutiwa na jinsia yao wenyewe, mimi humwomba kwanza dodoso. Kijana aliulizwa nini? Anavutiwa na nani, ameshafanya ngono na nani, au anajiita nani? Haya ni maswali matatu, na kila moja huokota kundi lake. Mtoto wa miaka 13 ambaye hajamgusa mtu, swali la pili halitaambulia kitu kwake.

Chukueni Add Health, utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka wa masomo wa 1994–95. Wanafunzi waliulizwa kama wamewahi kuvutiwa kimapenzi na mwanamke, na kama wamewahi kuvutiwa na mwanamume. Walipokuwa watu wazima wakahojiwa tena, safari hii wachague fungu linaloeleza mwelekeo wao wa kimapenzi. Mwaka 2014 watafiti Ritch Savin-Williams na Kara Joyner walionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya waliotaja mvuto kwa jinsia yao walipokuwa wadogo sasa walijiweka katika fungu la wanaopenda jinsia tofauti tu.

Wamekwenda wapi? Wawili hao walisema wengine hawakuelewa maana ya kuvutiwa kimapenzi, na wengine walikuwa wanatania. Utani si wa kubuni: katika dodoso la shuleni la utafiti huohuo, wapo waliojaza kwamba wana kiungo cha bandia, na wahojaji walipofika nyumbani wakawakuta na viungo vyao vyote. Vijana bwana! Lakini wakosoaji waliuliza swali zuri zaidi: kwa nini tulinganishe mvuto wa utotoni na jina la ukubwani, kisha tofauti tuiite uongo? Nami niko upande wao. Aliyewahi kumpenda rafiki yake wa jinsia moja akiwa na miaka 14, akaoa akiwa na 27, hakudanganya hata mara moja kati ya hizo mbili.

Halafu kuna suala la nani anasikia jibu. Mwaka 1998 mtafiti Charles Turner na wenzake walichapisha matokeo ya wavulana wa Marekani wa miaka 15 hadi 19. Waliojaza karatasi, asilimia 1.5 walisema wamewahi kufanya ngono na mwanamume. Walioyasikiliza maswali kwa vipokea sauti masikioni na kubonyeza majibu kwenye kompyuta, asilimia 5.5. Wavulana ni wa rika moja na nchi moja. Kilichobadilika ni njia ya kuuliza.

Tena msiwatupe wanaojibu "sina hakika" wakiulizwa wanavutiwa na jinsia ipi. Huko Minnesota, jimbo la Marekani, katika data zilizochapishwa mwaka 1992, walijibu hivyo asilimia 25.9 ya wenye miaka 12, na asilimia 5 tu ya wenye miaka 17. Wachambuzi wengi huwafuta kama data pungufu, au huwamwaga katika kundi dogo la wanaovutiwa na jinsia yao ili sampuli inenepe. Mimi huwaacha wasimame peke yao kwenye jedwali, hata wakiwa wachache kiasi cha kukosa nyota ya takwimu, ile alama kwamba tofauti si ya kubahatisha.