Kutembea kwa miguu katika nchi ya dubu: Banff, Kanada

Habari zenu, ndugu watazamaji. Na wazee wangu mnaotazama kutoka Morogoro, shikamooni. Leo nazungumza nanyi nikiwa Banff, hifadhi ya taifa iliyo katika milima ya Rocky, jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada. Kutoka Calgary, mji ninaosomea shahada ya uzamili, ni mwendo wa takribani kilomita 130. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1885, ikawa ya kwanza nchini Kanada, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 6,641, yaani haifikii hata nusu ya Serengeti.

Kwetu mtu akiingia Mikumi huwatazama wanyama akiwa ndani ya gari, na akitaka kushuka atembee, hufuatana na askari mwenye bunduki. Hata Mlima Kilimanjaro haupandwi bila mwongozaji mwenye leseni. Hapa mambo ni tofauti kabisa. Mwanafunzi yeyote aliyelipia kiingilio anaweza kushuka kwenye basi asubuhi, akafunga kamba za viatu vyake na kuingia kwenye msitu wenye dubu, puma (paka mkubwa wa porini) na mbwa mwitu wa kijivu, bila askari wala mwongozaji. Usalama wake umewekwa mikononi mwake mwenyewe, na karibu kila kanuni anayofundishwa inahusu jambo moja tu, nalo ni umbali.

Kwa dubu, puma na mbwa mwitu, umbali unaotakiwa ni mita 100 au zaidi. Kwa elki (mnyama wa jamii ya kulungu, lakini mkubwa zaidi), kulungu, kondoo na mbuzi wa milimani ni mita 30. Mita 100 ni kama kusimama kwenye goli moja la uwanja wa mpira na kumtazama mnyama aliye kwenye goli la pili. Kwa hiyo wale mnaosubiri nioneshe sura ya dubu ikiwa imejaa kwenye kioo cha simu, naomba mniwie radhi, kwa sababu picha ya namna hiyo hupatikana kwa lenzi ndefu ambayo mwanafunzi haimudu, au kwa ujinga.

Dubu wa kuogopwa zaidi ni yule aliyeshtukizwa, hasa jike mwenye watoto au dubu anayelinda mzoga. Ndiyo maana mtembeaji hutakiwa kupaza sauti njiani, zaidi anapokaribia kona, vichaka vizito au mto ambao maji yake yanafunika kishindo cha miguu. Wako watu wanaofunga kengele ndogo kwenye mikoba yao, lakini wataalamu wa hifadhi wanasema mlio wake ni hafifu mno. Mimi nimechagua kupiga hodi. Nikifika penye kona napaza sauti, "Hodi! Hodi wenyewe!" na wenzangu ninaotembea nao, ambao hakuna hata mmoja aliyezaliwa Afrika Mashariki, sasa wanapiga hodi kwa lafudhi zao, nasi tunaendelea. Katika baadhi ya njia, kama zile zinazoanzia Ziwa Moraine, kuna msimu ambao hairuhusiwi kutembea mkiwa chini ya watu wanne walio karibu karibu, na anayekaidi hutozwa faini.

Ni katika njia mojawapo ya hizo, inayopanda kuelekea Larch Valley, ndipo tulipomwona dubu aina ya grizzly. Ilikuwa Septemba, wakati miti ya lachi hugeuka rangi ya dhahabu kabla ya kupukutisha majani yake membamba kama sindano. Alikuwa ng'ambo ya bonde, mbali kuliko umbali uliowekwa, akichimbua mashimo ya kindi wa ardhini. Kwa darubini niliona nundu iliyo juu ya mabega yake ikipanda na kushuka kila alipovuta udongo, kwa maana nundu ile ni misuli ya kuchimbia, na mabonge ya udongo yenye nyasi yakiruka nyuma katikati ya miguu yake. Alichimba, akatia pua shimoni, akanusa, akahamia shimo jingine. Hakutushughulikia hata kidogo. Tulimtazama kwa muda, kisha tukageuza tulikotoka, kwa sababu njia ya mbele ilikuwa inatupeleka upande wake, na hakuna aliyenung'unika.

Nundu hiyo ndiyo alama ya kumtofautisha grizzly na dubu mweusi, pamoja na uso wake uliobonyea kidogo katikati na kucha ndefu za mbele. Rangi haisaidii, kwa kuwa wapo dubu weusi wenye manyoya ya kahawia. Mwishoni mwa kiangazi wote wawili huwa na kazi moja tu, kula. Grizzly hula matunda madogo mekundu ya kichaka kiitwacho buffaloberry, na inakadiriwa kwamba kwa siku moja anaweza kula hadi matunda 200,000, akikusanya mafuta ya kumpitisha kwenye miezi ya usingizi wa baridi. Kuna jambo ambalo kwangu ni la ajabu kuliko ukubwa wake. Dubu hupandana mwanzoni mwa kiangazi, lakini mimba haitungi kwenye mji wa uzazi hadi majira ya baridi yanapoingia, na kama jike hakupata mafuta ya kutosha, mimba hiyo haiendelei. Watoto huzaliwa ndani ya pango katikati ya baridi, mama yao akiwa hajala kitu.

Mkikutana naye karibu, msikimbie. Dubu hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa, na hakuna mwanariadha anayeweza kushindana naye. Unasimama, unaongea kwa sauti ya utulivu ili atambue kwamba wewe ni mtu, kisha unarudi nyuma taratibu huku kopo lako la dawa ya pilipili, ile ya kumpulizia dubu akikushambulia, likiwa mkononi. Kopo hilo hufungwa kiunoni au kifuani, mahali pa kulifikia upesi; ndani ya mkoba halina faida yoyote, maana dawa hupulizwa mnyama akiwa mita chache tu mbele yako.

Ajabu ni kwamba mnyama aliyewahi kunifunga njia kwa kweli hakuwa dubu, bali elki dume, katikati ya mji mdogo wa Banff. Septemba na Oktoba ndio msimu wao wa kupandana, na madume hutembea na hasira, wakitoa mlio mwembamba wa filimbi ambao hauendani kabisa na mwili wa kilo mia tatu na zaidi. Yule wa kwangu alisimama kwenye nyasi pembeni ya njia, akikwaruza mti kwa pembe zake hadi gome likaning'inia. Nilizunguka mtaa mzima.

Umbali unahusu chakula pia. Mapipa yote ya taka hapa ni ya chuma, na ili uyafungue lazima uingize vidole chini ya mfuniko na kubonya kitasa ambacho unyayo wa dubu haukifikii. Dubu aliyezoea chakula cha binadamu huanza kuwafuata watu, na mwisho wake mara nyingi ni kuuawa. Kulisha wanyamapori katika hifadhi za taifa kunaweza kumtoza mtu faini ya hadi dola 25,000 za Kanada. Nawaza abiria wetu wanaowarushia nyani ndizi na biskuti kutoka madirishani mwa mabasi pale Mikumi.

Na kwa kuwa nimeitaja Mikumi, sisi wa Morogoro tunajua jinsi barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inavyoikata hifadhi ile kwa takribani kilomita 50, na tumeona mizoga. Banff nayo imepasuliwa na barabara kuu inayovuka Kanada nzima. Suluhisho lao ni uzio wa mita 2.4 pande zote mbili za barabara, pamoja na vivuko vya wanyama: madaraja 6 ya juu yaliyopandwa miti na nyasi, na njia 38 za chini. Ukipita kwa basi unaona kilima cha kijani kimelala juu ya barabara. Grizzly, mbwa mwitu na elki hupendelea madaraja yaliyo wazi. Puma na dubu mweusi hupendelea njia za chini zenye giza. Grizzly walichukua miaka kadhaa kabla ya kuyaamini madaraja hayo, na watu haturuhusiwi kuyakanyaga. Ajali za magari na wanyama zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kenya wanayo njia ya namna hiyo karibu na Mlima Kenya, na tembo wamekuwa wakipita chini ya barabara tangu mwaka 2011. Mikumi tuna matuta na vibao vya faini, navyo vinasaidia, lakini tuta halimvushi twiga usiku mbele ya lori.

Wadogo zangu mnaokuja kuanza masomo huku, nunueni viatu vizuri vya kutembelea na koti la mvua, kwa sababu mlimani theluji inaweza kuanguka hata mwezi wa nane. Barabara ya Ziwa Moraine imefungwa kwa magari binafsi tangu mwaka 2023, hivyo mtapanda basi kama sisi, na nafasi hukatwa mapema. Dawa ya pilipili msihangaike kuitafuta nyumbani, kwani hairuhusiwi ndani ya ndege, iwe kwenye mkoba wa mkononi au kwenye sanduku. Mtaipata huku madukani, na wapo wanaoikodisha kwa siku moja.